Simu ya Kesho: Miaka Ishirini na Saba ya Bwana Hilari Luhende

Tarehe 30 Juni 1953 Bwana Hilari Luhende, karani wa simu za maandishi wa stesheni ya reli ya Tabora, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kazini. Alianza mwaka 1926, akisikiliza mlio wa waya kwenye njia ileile ambayo babu yake aliipita na mzigo begani akielekea pwani. Hajawahi kuchelewa kazini, isipokuwa siku moja baada ya kumwoa Bi Getruda.

Lakini najua wengi wenu mnachotaka kusoma ni habari za Tura, stesheni ndogo mashariki ya Tabora alikokuwa akifanya kazi zamani. Mimi nilikuwapo huko, karani wa tiketi.

Alasiri ya tarehe 13 Machi 1938, mvua ikinyesha, Hilari alipokea simu akaniletea karatasi. Ilisema treni ya abiria imeanguka darajani, maili tatu magharibi ya Tura, watu ishirini na sita wamekufa. Tarehe yake ilikuwa 14 Machi, yaani kesho. Akawauliza Tabora; wakakana kutuma. Nilimnusa kwa siri nione kama amelewa. Hakuwa amelewa.

Asubuhi yake treni ilipoingia, Hilari alisimama mbele ya injini na bendera nyekundu. Dereva alimtukana nusu saa nzima. Dionis, mnyapara wa vibarua wa njia, alitumwa kwa miguu kuangalia daraja. Alirudi ametota, uso umemshuka. Nguzo moja ilikuwa imekwenda na maji, reli zinaning'inia.

Abiria walimshukuru. Wakubwa walimshuku. Alikuja mkaguzi, akamhoji siku tatu.

"Kama ajali haikutokea, nani aliandika habari zake?" aliuliza. "Na kama ilitokea, mbona hawa watu wanakula ugali?"

Aliamini Hilari ndiye aliyeharibu daraja ili apate sifa. Hata hivyo akampa njia ya kutokea: aseme Dionis alimwonya siku moja kabla. Hilari alijua Dionis angefukuzwa kwa kutopeleka taarifa.

"Niliandika nilichosikia," alijibu.

Akaondolewa kwenye mashine ya simu, akapelekwa ghala la mizigo kupima asali na nta. Alikaa huko miaka mitano, hadi makarani wa simu walipoadimika wakati wa vita.

Mimi niliagizwa nimchunguze. Nilipekua meza yake, nikamfuata hata kanisani. Sikuona kitu, na bado nilimshuku. Simu ile ilitoka wapi, mpaka leo sijui, wala siwezi kusema moyo wangu umetulia kabisa. Nisamehe, ndugu yangu.

Juma lililopita ndipo nilipothubutu kumuuliza kwa nini hakuitupa karatasi ile, akaepukana na balaa.

"Ilisema watu ishirini na sita wamekufa," alisema. "Nilitaka iwe uongo."

Asante, Bwana Hilari, kwa niaba ya wote waliofika Tabora wakiwa hai. Wewe na Bi Getruda mfike salama shambani kwenu Sikonge, mizinga yenu ya nyuki ijae, na siku zenu zije moja moja, kila moja kwa zamu yake.