Mhandisi Eustakio na Makaburi Saba ya Shamba la Mama

Wapendwa waombolezaji, ninyi mnaonong'ona hapo nyuma kwamba bibi wa darasa la saba ataweza wapi kusoma maisha ya mhandisi, na ninyi mliokwisha kuambiwa kuwa marehemu aliteleza akaangukia mtaro wa msingi, fungeni midomo msikilize, kwa sababu karatasi ya kuteleza waliyoiandika wajomba imetumika kuwashia moto wa ugali mtakaokula leo, na hii inayosomwa ameiandika dada yake mkubwa, Skolastika, aliyekuwepo.

Marehemu Mhandisi Eustakio Linus Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 kijijini Mbekenyera, akabebwa mgongoni na Skolastika mpaka miguu ikawa inaburuza chini, na mgongo huohuo ndio uliopokea fimbo za baba kila alipolia. Mwaka 1969 akazaliwa kitinda mimba, Saturnini, huyo hakupigwa hata kofi, na matokeo yake mtayasikia.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akang'olewa jino moja kwa kugombea rula, naye akamng'oa mwenzake mawili, kisha akaendelea na sekondari Nachingwea, na mwaka 1989 akapata shahada ya uhandisi ujenzi jijini Dar es Salaam.

Kuanzia mwaka 1990 alijenga barabara na madaraja ya serikali mkoani Lindi, ambako tarehe 6 Juni 1998 vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilisagwa na bomba la zege la kalvati, akarudi kazini baada ya wiki mbili akiwatukana mafundi kama kawaida. Mwaka 2003 alifungua kampuni yake Nachingwea, akanunua maghala mabovu yaliyobaki tangu enzi za mradi wa karanga wa wakoloni, akayageuza kuwa maduka na nyumba za kupanga, na mwizi aliyemvamia humo mwaka 2009 marehemu alimvunja mkono kwa mpini wa koleo, akampeleka hospitali mwenyewe, ulipopona akamwajiri ulinzi. Alijitolea miaka kumi na miwili katika kamati ya mipango miji ya Ruangwa, na mwaka 2016 aliposimamia kubomolewa kwa vibanda vilivyoziba mtaro wa soko, alipigwa jiwe la paji la uso, kovu lake mnaliona kwenye picha hapo juu ya jeneza, na waliorusha wengine wamo humu, wamekuja kulia.

Alifunga ndoa na Yunisi tarehe 12 Oktoba 1991, wakajaliwa watoto wawili, Linus na Getruda, ambao hakuwahi kuwapiga, alisema fimbo za nyumba ile zilishatosha.

Sasa kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Mwaka huu, 2024, shamba la mikorosho la mama, pembeni mwa mji wa Ruangwa, lilipangiwa stendi na soko jipya, na ikatangazwa kwamba penye kaburi familia italipwa fidia na kusaidiwa kuhamisha mifupa. Saturnini, aliyekuwa anaishi shambani humo, akainua matuta saba kwa juma moja, akayachomekea misalaba yenye majina ya wafu wa ukoo waliozikwa kwingine, mama akiwemo, na marehemu wa kweli walipomwishia, msalaba wa saba akaandika Skolastika Linus, akiamini kikongwe wa Mbekenyera hataletwa na lolote mpaka Ruangwa. Eustakio akampigia dada yake simu, akamwambia njoo dada uone ulivyozikwa, naye akapanda bodaboda akaenda.

Tarehe 3 Desemba, mbele ya wathamini na majirani, Eustakio aliamuru tuta la saba lichimbwe, ukatoka mgomba uliovikwa sanda, watu wakashika vichwa, na hapo ndipo alipokosea, kwani badala ya kumvuta mdogo wake pembeni alicheka mpaka akakaa chini, akamwuliza huyu bibi mbona kafa bila sakramenti, akasema wachimbe na la mama tumsalimie. Saturnini alichukua sururu mkononi mwa mchimbaji, akampiga Eustakio kichogoni, akampiga tena alipokuwa amelala, na pigo la tatu Skolastika alilipokea kwa mkono huu uliofungwa bandeji. Damu iliingia katika kaburi la dada yake. Siku sita hakufumbua macho, akafariki tarehe 9 Desemba, saa kumi alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomshona, majirani wa Ruangwa waliombeba kwa kitanda cha kamba, na wafanyakazi wenzake wa Nachingwea waliotengeneza jeneza hili. Wajomba hawashukuriwi, waliomficha muuaji kijijini Nkowe, wakamwambia ukoo umeshakaa na maneno yamekwisha, wakamvika koti la marehemu, na ndilo alilovaa sasa hivi, benchi la pili, karibu na dirisha lenye nondo.

Skolastika amezaliwa tumbo moja na wote wawili, na leo anazika mmoja na kumtoa mwingine, asiulizwe ni yupi anayemuuma zaidi. Askari aliowaita wako uani. Lala Eustakio, upumzike kwa amani, hakuna atakayekugusa tena. Msomaji wenu anakunja karatasi, anatoka, na mlango anaufunga kwa komeo la nje.