Kaari Njue na Mke Mwenza Aliyeachwa Langoni

Wapendwa waombolezaji, familia imeamua maisha ya Kaari yasomwe na mtu aliyeyajua hata pale mlango ulipofungwa, kwa hivyo vumilieni.

Kaari Njue alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 kule Kanja, Embu, mtoto wa tatu wa Mzee Njue, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane mwaka wa 1989, kisha akajifunza kushona, na wengi mlioketi hapa mlivaa sare zilizotoka kwa mashine yake.

Tarehe 7 Desemba 1996 aliolewa kanisani na Mutwiri wa Githongo, mwanajeshi, wakajaliwa Adrian na Kinya, na tusifichane mbele ya jeneza, marehemu alikuwa na wivu, wivu wa kuhesabu vifungo vya shati, na binti yeyote wa kijijini akimsalimia Mutwiri mara mbili, ya tatu alimkuta Kaari mlangoni.

Januari 2023, Mutwiri, aliyekuwa ameapa mbele ya wazee kwamba ameacha sigara, alianza kurudi nyumbani akinukia peremende, na Kaari, aliyejua kwamba mume wa miaka hamsini hali peremende kwa ajili ya mke wa nyumbani, akamfuata mpaka soko la Gakoromone, akajipenyeza kati ya magunia ya kabichi ya mama mmoja aliyemwona asimtaje, akamkuta ameinama peke yake, anavuta.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," akamwambia, "ningejua pa kumpiga."

Tangu hapo sigara ikaitwa mke mwenza, Kaari akawakusanya wake wa wanajeshi kambini, wakapanga siku ya kuwaelimisha wanajeshi na familia zao waache kuvuta, huyu akapewa hema, huyu chai, huyu kumtafuta daktari wa kifua, na tangazo akaliandika Kaari mwenyewe: Jumamosi tarehe 27 Mei, kila mwanajeshi aje na familia, mke mwenza aachwe langoni.

Wa kambini walielewa, lakini tangazo lilisomwa pia kanisani Githongo, na siku hiyo mama mkwe, Ciakuthii, akafika langoni na kibuyu cha uji, kumwombea msamaha huyo mke wa pili ambaye hata yeye mama mtu alikuwa amefichwa habari zake, na nyuma yake wakaja wanawake wawili ambao hakuna aliyewaalika, kila mmoja akiuliza kwa nini aachwe nje. Majina yao hayamo kwenye karatasi hii, wenyewe wanajijua.

Mutwiri alitupa pakiti yake kwenye ndoo ya mchanga mbele ya mama yake, na wenzake zaidi ya thelathini wakamfuata, wengine wakiwa wameokoka kweli, wengine wakitaka tu wake zao waache kuwatazama wale wawili.

Kifua kilimshika Kaari Septemba 2024, yeye ambaye hakuvuta hata moja, akalazwa Meru, na kila Mutwiri alipofika, alimwinamisha kwanza, akamnusa mdomo. Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tisa alasiri, alimnusa, akanusa tena, akasema, "Leo wewe ni wangu peke yangu," akafumba macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kanja na Githongo, wanajeshi na wake zao, na mama wa magunia ya kabichi aliyenyamaza siku ile. Mutwiri anasema hata peremende ameacha.

Pumzika kwa amani, Kaari, mwenzio tumemwacha langoni.