Maneno ya Mama, Mashua Ilipokwama

Rudisha mguu ndani, kifungua mimba wangu. Nimesema rudisha! Kaa hapo kwenye ubao, na wewe binti yangu sogea huku kichwani unikinge jua, kisha mnisikilize nyote wawili, maana mto umeshakupwa, mashua imekaa juu ya tope na hatuna pa kwenda, na yale niliyotaka kuyasema kitandani hospitali nitayasema papa hapa, nimelala juu ya nyavu zangu mwenyewe.

Paa la hospitali naliona. Hata watu walioko gatini nawaona, na machela yao. Karibu hivyo! Lakini umeshawapigia simu, binti yangu, nao wamekwambia boti yao imelala topeni kama hii yetu, wanasubiri maji yajae. Basi na sisi tusubiri. Msinitazame hivyo, sijafa bado.

Mwanangu, najua kwa nini ulikatisha juu ya fungu hili la tope badala ya kuufuata mkondo. Dada yako alikwambia zunguka, ukamfokea. Ulinihurumia, ukaona njia ndefu itanimaliza. Sina kinyongo na wewe, na atakayekusimanga kwa ajili ya leo huyo si wa kwangu. Lakini huruma hiyo isikushushe topeni. Unaliona limekauka juu, unadhani utatembea mpaka ng'ambo ukaniletee daktari. Chini yake ni uji mtupu.

Baba yenu mnajua alikufa majini. Hamjui kwamba alikufa amesimama, kwa sababu kila nilipotaka kuwaambia ulimi ulikuwa mzito. Tulikwama hivi hivi, akashuka kusukuma, tope likamshika mpaka mapajani, na kila alipochomoa mguu mmoja, wa pili ulizama zaidi. Mwanzoni alikuwa anacheka, mtu wa utani yule, akaniambia nisimpakulie, atachelewa kula. Kisha maji yakaanza kujaa. Nilimshika kwapani nikavuta mpaka bega langu likateguka, na maji yakapanda kiunoni, yakapanda kifuani, na yeye alikuwa anajua kuogelea kutushinda sote. Baba yenu mdogo hajanisemesha tangu siku ile, anasema ningekuwa na moyo ningemtoa. Nendeni mkamsalimie. Mwambieni nilivuta.

Mashua ni ya dada yako. Usinune! Yeye anayasoma maji, wewe unagombana nayo. Na wewe binti, ukivusha watu, abiria asiyetaka kuvaa jaketi la kuelea abaki gatini, hata awe nani, hata akutukane mpaka achoke. Nyumba namwachia kaka yako, ila chumba cha uani ni chako mpaka utakapotaka mwenyewe kuhama. Nisisikie mtu kabadilisha kitasa.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Wewe! Mguu huo nauona! Usinililie, nisikilize. Ukishuka, radhi zangu huna, na nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Ukikaa, unazo zote, za ziwa ulilonyonya na za mgongo uliokubeba, nyote wawili mnazo. Mungu awafikishe ng'ambo salama, leo na kila siku, na awape watoto wasikivu kuliko nyinyi mlivyokuwa kwangu.

Maji yakirudi, mashua itatikisika kidogo halafu itatulia. Msikurupuke. Ngojeni ielee yenyewe, ndipo muwashe mashine, mrudi mkondoni taratibu, hata kama... hata kama hakuna tena wa kuwahishwa.

Pumzi inakatika. Nikinyamaza, mwanangu, utaona huwezi kukaa, utataka kukimbia. Usishuke. Nakuomba, baba, usishuke.

Binti yangu, uachie mkono wangu. Uachie. Mshike kaka yako.