Kikokotoo Kilichokataa Kibodi

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Waya, fundi redio, na Mama Kahawa huweka jiko lake papo hapo, kwa hiyo hakuna anayekaa bila kutoa maoni. Mimi hushona viatu upande wa pili. Asubuhi ile Mwalimu alikuja na mfuko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, tangu apate kiharusi, ulikuwa unaning'inia tu. Akatoa kikokotoo chake cha kuchorea grafu na kibodi ya kompyuta, akavilaza benchini kama mtu aliyeleta mashtaka.

Jumatatu alikuwa anarudi darasani. Chaki hawezi tena kuishika, akataka grafu azichore kwa kikokotoo; lakini vitufe vyake ni vidogo mno, kidole chake cha kushoto kilikuwa kinabonyeza vitatu kwa mpigo. Lakini binti yake, anayesomea kompyuta mbali, alikuwa amekiwekea kikokotoo Linux, mfumo uleule unaoendesha kompyuta kubwa. Mwalimu akajiuliza, kama ndani ni kompyuta, kwa nini kisipokee kibodi? Alikuwa amechomeka, akachomoa, akachomeka tena. Kimya.

Kapteni, dereva wa lori mstaafu, alisema kikokotoo kimezoea kutumwa, hakijui kutuma. Tukacheka. Waya hakucheka. Alisema Kapteni amegusa penyewe: kwenye USB lazima mmoja awe bosi, na kikokotoo siku zote kikichomekwa kwenye kompyuta huwa mtumishi. Akachakura droo, akatoa adapta fupi ya kukijulisha kwamba leo bosi ni chenyewe. Taa ya kibodi ikawaka, ikazimika.

Hapo kijiwe kikachafuka. Mama Kahawa akasema kibodi ina njaa. Mimi nikasema labda kikokotoo kinaona wivu. Kapteni, aliyekwisha kunogewa na sifa, akadai wenye viwanda walikutana kisirisiri wakakubaliana vyombo vya hesabu visiongee na vyombo vya maandishi, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kubeba mzigo wa mkutano huo.

— Tuanze na njaa, alisema Mwalimu.

Kweli kikokotoo hakikuwa na umeme wa kulisha wawili. Waya akaleta ekstensheni ya USB yenye tundu lake la umeme, akailisha kwa pawabenki. Taa ikawaka, ikabaki. Mwalimu akabonyeza herufi. Kioo hakikuonyesha kitu.

Akampigia binti yake. Binti akaeleza kwamba Linux ile haijapakia kipande cha programu kinachotambua kibodi, akamsomea amri ya kukipakia, herufi kwa herufi. Na amri hiyo ilibidi aiandike kwa vile vitufe vidogo vilivyomshinda. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Akakosea tena. Jasho likamtoka. Kapteni hakuvumilia, akanyoosha mkono amsaidie.

— Jumatatu hutakuwepo, Kapteni, alisema Mwalimu.

Kapteni akarudisha mkono. Kahawa ikapoa vikombeni, na mteja wangu mmoja akaondoka na kiatu kisichoshonwa, sikumwita. Mwishowe amri ikakubali, Mwalimu akavuta kibodi mapajani, akagusa herufi moja. Ikatokea. Akaandika mlinganyo wake taratibu kwa mkono wa kushoto, na mstari ukapanda kiooni, ukapinda, ukashuka. Mama Kahawa alibaki na birika hewani. Mwalimu alikuwa anautazama mstari ule kana kwamba ameuchora kwa chaki.

Ndipo akaja mama mmoja kufuata ndala zake. Akachungulia juu ya bega la Mwalimu, akapenda, akampa hongera.

— Sasa hicho kioo cha ukubwa wa kiberiti, darasa zima litakionaje?

Waya alifungua droo, akaifunga. Kapteni, mwenye nadharia ya kila kitu, akainamia kikombe chake.

Mwalimu akaokota simu kwenye benchi na kumtafuta binti yake tena.

— Waya, alisema, usifunge kibanda.