Cibalonza, Aliyewavisha Mbwa wa Gatete Viatu

Ndugu, majirani, nanyi wawindaji mliosimama kule nyuma na mbwa wenu: sogeeni karibu. Huyu tunayemzika leo alikuwa wenu pia.

Dada yetu Cibalonza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Rumonge, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli kutoka Bukavu na mama muuza mawese. Ukoo wetu hautoi mtu mwenye mikono mibovu. Hilo tunalisema hata mbele ya wakwe. Alipokuwa na miaka saba alikuwa anapiga kiraka kwenye mpira wa baiskeli vizuri kuliko kaka zake, na kaka zake wamelikubali leo, shingo upande.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka wa tano. Wa sita aliuangalia tu kupitia dirishani, kwa sababu mama aliugua na nyumba ilihitaji mtu. Kifaransa alichotoka nacho kilikuwa neno moja, "silansi!", yaani kimya, na alilitumia kwa mume wake hadi mwisho.

Mwaka 1986 alianza kujifunza cherehani kwa Mama Mwasiti sokoni, na baadaye akapata meza yake mwenyewe. Sare nyingi za shule mlizovaa ninyi vijana zilitoka mikononi mwake. Mliozichana kwa kupanda michikichi, alikuwa anawajua kwa majina.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na Revokatus wa Gatete, mkulima wa mihogo na mwindaji. Wanawake wengine wanakuta godoro kwa bwana; dada yetu alikuta mbwa watatu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mwanvua na Nduwayo.

Shemeji Revokatus, vumilia kidogo, sasa tunafika kwako.

Mwaka 2019 nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya Gatete, na kule mlimani wanakojificha miiba imefungana kama ukuta. Mbwa wa wakati huo, vitukuu vya wale watatu, walirudi wanachechemea, nyayo zimepasuka. Cibalonza alishindwa kuvumilia. Alishona viatu vya kwanza kwa ngozi, akailainisha kwa mawese. Asubuhi viatu havikuwepo, na mbwa walikuwa wanajilamba midomo. Rumonge nzima ilicheka. Vya pili alivikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, lakini alikaza kamba mno, na Ntabwoba, mbwa mkubwa kuliko wote, akavimba miguu. Cibalonza alimkanda kwa maji ya chumvi huku analia. Vya tatu aliviacha wazi mbele, kucha zitoke zishike ardhi, na kamba akailegeza mpaka kidole kikapita chini yake.

Alivitundika kwenye msumari wa mlango. Revokatus akavipita.

"Mbwa wangu si watoto wa ekole wa kuvalishwa kwenda darasani," alisema. "Unataka Swedi anicheke tukienda kuwinda?"

"Swedi acheke, mbwa watembee."

Asubuhi ya tarehe 27 Septemba 2019 Revokatus alipanda mlimani na Swedi, rafiki yake wa kuwinda, na mbwa wawili miguu mitupu. Ntabwoba alibaki nyumbani, miguu yake ndiyo kwanza inapona.

Mchana Swedi alishuka peke yake, shati limechanika.

"Mama Mwanvua, ikala kwanza," alisema, akimsogezea kigoda.

"Siikali. Revokatus iko wapi?"

"Nguruwe amemupiga paja. Tulikuwa tumeshamuchoma mukuki, akakimbilia mu miiba, Revokatus akamufuata. Nimesikia analia. Kisha sikusikia tena."

"Na mbwa?"

"Wamekataa kuingia. Wamelala inje, wanalamba miguu."

Cibalonza alishusha viatu msumarini, akapiga magoti mbele ya Ntabwoba. Akamvisha kimoja kimoja, akipitisha kidole chini ya kila kamba.

"Huyo ni mugonjwa," Swedi alisema. "Utamuua bure."

"Silansi!"

Walipanda na Ntabwoba hadi kwenye miiba. Kichaka kilikuwa kikubwa, kimya, na jua limekikalia. Aliita jina la mume wake, hakuna aliyejibu. Akamwachia mbwa. Ntabwoba aliinama chini ya miiba, akapotea, ikabaki sauti ya njuga shingoni mwake: inakwenda, inazunguka, inazidi kuwa mbali. Kisha ikanyamaza.

Swedi alimshika mkono. "Kama nguruwe iko muzima, mbwa amekwisha. Na Revokatus pia."

Cibalonza alijinasua, akachukua panga, akaanza kukata. Miiba ilimchana mikono na uso. Alama mlizokuwa mnaziona shavuni hakuzaliwa nazo. Ghafla njuga ikalia tena, mahali pamoja, na mbwa akabweka bila kupumzika. Wakakata kuelekea huko.

Nguruwe alikuwa amesimama, mkuki umening'inia ubavuni, na nyuma yake Revokatus amelala kifudifudi. Ntabwoba alikuwa anamzunguka nguruwe juu ya miiba ile ile iliyowashinda wenzake, hanyanyui mguu kwa maumivu, hasiti. Kila nguruwe alipogeukia mtu, mbwa alimrukia sikio. Hapo Swedi alipata nafasi ya kuchoma mara ya pili kwa mkuki wake, na nguruwe akaanguka.

Cibalonza alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga Revokatus paja. Safari hii alikaza kwa nguvu zake zote.

Revokatus akafumbua macho, akamuona mbwa.

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Basi nitachekwa."

"Utachekwa ukiwa hai."

Wanaume wa Gatete walioitwa na Swedi walimteremsha kwa machela hadi hospitali. Alipona, akabaki na fimbo. Baada ya hapo wawindaji wa Gatete hadi Minago walipanga foleni mezani kwake, mbwa wakipimwa nyayo katikati ya wateja wa vitenge. Wa kwanza alikuwa Swedi, akijifanya ametumwa na mtu.

Oktoba 2024 marehemu alianza kuugua figo. Alitibiwa Bujumbura, na Revokatus, na mguu wake ule, alipanda gari kila wiki kwenda kukaa kando ya kitanda. Mwishowe madaktari walimshauri dada yetu akapumzike nyumbani. Tunawashukuru wote walioleta samaki, uji na maombi, murakoze cane. Alituacha Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Revokatus aliushikilia muda mrefu baada ya hapo, na hakuna aliyethubutu kumwambia aachie.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kaka wanne wenye maneno mengi, na mume, Revokatus, ambaye bila dada yetu angesomewa wasifu wake yeye miaka mitano iliyopita, nasi tungeusoma kwa ufupi zaidi. Shemeji, kaa karibu na kaburi. Mahali hapo ni pako.

Cibalonza, mtoto wa mama yetu, kazi umeimaliza. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.