Leso Nyeupe ya Mzee Chaman

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Bi Jaspreet. Mama Pushpa, mke wa mzee wetu, uliyekubali kukaa meza ya mbele ingawa roho yako iko jikoni ukiwaza nani anaziunguza bajia zako. Ndugu wageni waalikwa wa Stanmore na Queensbury, mliofika hapa kwa miguu na viatu vyenu bado vinang'aa. Ndugu zangu mafundi na wafuaji wa Lewisham, mliovuka London nzima kwa treni mbili na basi moja la kubahatisha. Na wewe Mzee Chaman, mwenye siku yako: nawasalimuni nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Kwa wasionijua, mimi ni Abdulsamad, mzaliwa wa Wete, Pemba, kiongozi wa zamu ya asubuhi katika kiwanda chetu kinachofua mashuka ya hospitali. Miaka kumi na minne nimefanya kazi chini ya Mzee Chaman, meneja wetu wa ufundi, ambaye leo anastaafu. Amenichagua mwenyewe nimsemee, na ameniomba niseme kwa Kiswahili, kwa sababu yeye ni wa Tanga, Bi Jaspreet alifundishwa na marehemu baba yake wa Nakuru, na kwa sababu, kama alivyoniambia juzi, "Ukinisifu kwa Kiingereza, Abdulsamad, wajukuu zangu wataamini." Nimekubali. Ila wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nitamsifu mzee kwa kipimo.

Jambo moja niliseme mapema, wageni msije mkapotea njiani. Jumatatu asubuhi Bi Jaspreet na wenzake watakaa kumchagua wa kukalia kiti cha mzee. Na sheria ya kiwanda ni kwamba mwenye barua ya onyo katika faili lake haruhusiwi hata kubisha mlango wa usaili. Yupo fundi mmoja mwenye barua hiyo. Anaitwa Suad, na leo hayupo ukumbini, kwa sababu lazima mtu abaki na mashine ili sisi wengine tuje kula.

Tumrudie mzee. Miaka ishirini na tisa, ndugu zangu. Mzee Chaman alikuwa anasimama mlangoni, bado na koti lake, anakwambia mashine ya nne ina mkanda uliolegea, na ukienda kutazama unaukuta umelegea kweli. Hilo namsifia bila mzaha. Sikio lile sijaliona kwa mtu mwingine. Tatizo la mzee halikuwa masikio. Tatizo la mzee lilikuwa leso.

Naomba niwaeleze wenye viatu safi. Kila mashine kubwa ina beringi, na kila beringi ina kichuchu kidogo cha chuma kinachotokeza nje, sisi tunakiita nipeli. Grisi huingilia hapo. Unachukua bomba la grisi, unakibandika kichwa cha bomba juu ya nipeli, na unasukuma mkono wa bomba mpaka beringi ishibe. Maneno matamu. Lakini kichwa cha bomba letu kilikuwa kimelegea tangu Tony wa ghala alipokuwa na nywele. Lazima ukikandamize kwa mkono mmoja kisiruke, ulishike bomba kwa mkono wa pili, na usukume kwa mkono wa tatu. Mwenye mikono miwili tu, kama alivyoumbwa, alikuwa na shida. Grisi ilikuwa inarudi nyuma, inatapakaa juu ya nipeli, inashuka ukutani, inakuingia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Iliyofika ndani ya beringi ilikuwa ile iliyopotea njia.

Tulimwambia mzee. Alisema nini? Alisema, "Mimi nimelisha mashine za katani Tanga kwa bomba bovu kuliko hilo." Katani, ndugu zangu. Kila tulipoomba kitu tulipewa katani. Tuliomba feni tukapewa katani, tuliomba tochi tukapewa katani, na nadhani kama kiwanda kingeungua moto mzee angetuhadithia namna walivyouzima kwa katani.

Sasa leso. Kila Ijumaa saa nne asubuhi mzee alikuwa anatoka ofisini na leso nyeupe iliyokunjwa mara nne, anapita mashine moja moja, anafuta kila nipeli. Leso ikitoka nyeusi, anatikisa kichwa kwa furaha, anasema, "Imekula." Leso ikitoka nyeupe, anasema, "Ina njaa," na kalamu inatoka. Kuzifua leso hizo hakuziamini mashine zetu zinazofua mashuka elfu kwa siku. Alikuwa anazipeleka nyumbani kwa Mama Pushpa. Mama, miaka ishirini na tisa umefua ushahidi bila ya kujua.

Nawaulizeni, wageni waheshimiwa: mtoto akiwa na uji mashavuni na kidevuni, ndiyo kashiba? Grisi iliyo nje ya nipeli imethibitisha nini, isipokuwa kwamba haikuingia ndani? Swali hilo dogo hakuna aliyemuuliza mzee. Mimi pia sikumuuliza. Sisi tulijifunza njia fupi zaidi. Alhamisi jioni mtu anachovya kidole katika kopo, anapita anazipaka nipeli midomo kama bi harusi, na Ijumaa leso inafurahi. Simtaji mtu. Kuldip, usiiname, sijakutaja.

Hapo ndipo alipoingia Suad. Binti wa Mjini, Zanzibar, amesomea ufundi hapa hapa London, mkimya, na ana kasoro moja kubwa kwa fundi wa kiwanda chetu: anapenda kujua kitu kimefika au hakikufika. Mwezi wa Februari alikuja na kichwa kipya cha bomba, amepewa na shemeji yake anayetengeneza malori. Kitu kidogo, kinaingia kiganjani, kina mkono pembeni kama wa koleo. Unaubana, taya zake zinafunguka. Unakiweka juu ya nipeli, unauachia, taya zinaiuma nipeli na hazitoki. Unaweza kukiacha kinaning'inia, ukajikuna pua, ukarudi ukasukuma bomba kwa mikono yako yote miwili. Grisi inaingia yote. Ukimaliza unaubana tena, kinatoka, na nipeli inabaki safi kama ulivyoikuta.

Safi. Mmeshaona tunakokwenda.

Ijumaa ya kwanza ya Machi mzee akapita. Mashine ya tatu, ya Kuldip: leso nyeusi tititi. "Imekula." Mashine ya tano, ya Suad: leso nyeupe. Nipeli ya pili, nyeupe. Nipeli kumi na mbili, leso imetoka nyeupe kama ilivyotoka kwa Mama Pushpa. Suad akamwambia, kwa adabu, "Mzee, fungua kifuniko cha beringi moja utazame ndani." Mzee akamjibu, na haya ni maneno yake mwenyewe, "Binti, sifungui mashine inayokwenda. Leso imeshasema." Suad akamwonyesha kile kichwa cha bomba. Mzee akakigeuza geuza, akasema kitu kinachojishika chenyewe kinamfanya fundi awe mvivu, na kwamba kule kwenye katani hawakuwa nacho.

Jioni ile barua ikatoka: fundi Suad hakulisha mashine namba tano, na alipoulizwa alitoa hoja. Alitoa hoja, ndugu zangu. Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Wiki tatu baadaye, hospitali mbili zinasubiri mashuka, mashine ya tatu ikapiga kelele moja ndefu na ikasimama. Nyote wa Lewisham mnaikumbuka siku ile, tulikunja mashuka kwa mikono mpaka vidole vikavimba. Mzee akaja mbio, akatoa leso, akafuta, leso ikatoka nyeusi. Akasimama pale ameduwaa, anaiambia mashine, "Lakini umekula." Tulipoifungua beringi tulikuta kutu nyekundu na vumbi, kukavu, hakuna hata alama ya grisi. Nje kulikuwa na grisi ya kutosha kukaangia. Na mashine ya tano, ile yenye njaa, ile iliyoandikiwa barua, ilikuwa inazunguka pembeni yetu kimya.

Mtadhani siku ile barua ilichanwa. Mzee alisema beringi za siku hizi ni mbovu.

Nakuona Mzee Chaman umeacha kucheka. Nilikuwa nacheka na wewe mpaka hapa, na nilitaka niendelee, maana kukucheka ni rahisi na wewe mwenyewe unapenda kuchekwa. Lakini nikikucheka wewe peke yako nitakuwa mnafiki mbele ya Bi Jaspreet na mbele ya wageni wako. Barua ile ina saini mbili. Ya juu ni ya meneja. Ya chini ni ya shahidi, na shahidi ni mimi.

Tulia, Kuldip, nimalize. Mzee aliniita Ijumaa ile akaniuliza, "Abdulsamad, leso ni nyeupe au si nyeupe?" Nikasema ni nyeupe. Akasema, weka saini. Nikaweka. Sikusema uongo hata neno moja, na ndio maana nililala vizuri usiku ule, na nusu ya usiku uliofuata. Lakini asubuhi ile ile, saa moja na robo, Suad alikuwa amelala chini ya mashine ya tano na bomba lake, na kulikuwa na giza kule chini, na mtu aliyemshikia tochi nilikuwa mimi. Nilimwona akiilisha nipeli moja baada ya moja. Niliona mpaka grisi ya zamani ikisukumwa nje ya beringi na ile mpya, na yeye akaipangusa kwa kitambaa kwa sababu hapendi uchafu. Nilijua. Meneja alikosea kwa kuamini leso yake. Mimi sikukosea, mimi nilinyamaza.

Kwa nini? Ningeweza kusema nilimwogopa mzee, na mngenihurumia, maana nyote mlimwogopa. Si hivyo. Majina yaliyopelekwa kwa ajili ya kiti cha mzee yalikuwa mawili, la Suad na langu. Barua ilipotoka likabaki moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Suad nilikuwa mimi, kiongozi wake wa zamu, ninayemwita mwanangu. Naona haya. Nilitaka niione haya hiyo mbele ya watu, kwa sababu nyuma ya mlango nimeshaiona miezi mitatu na haikunifanya kitu.

Bi Jaspreet, nimekuuliza Alhamisi na umenijibu: onyo linafutwa kwa maneno ya shahidi pamoja na saini ya meneja aliyelitoa, na baada ya leo Mzee Chaman si meneja tena. Maneno ya shahidi nimeyaandika, ni karatasi hii, nimeeleza tochi na saa moja na robo na kila kitu. Saini yangu imo. Nafasi ya chini, ya meneja, iko wazi.

Mzee wangu. Hakuna anayetaka kukuvunjia heshima siku yako. Umetufundisha wengi, na nusu ya mafundi wa ukumbi huu wasingekuwa na kazi bila wewe. Nakuomba jambo moja tu, na sikuombi ukubali kwamba katani ilikuwa uongo.

Ananiuliza, wageni wa nyuma hamkusikia. Ananiuliza, "Uliiona kweli ikiingia?" Ndiyo mzee. Kwa macho haya. Anauliza kwa nini sikumwambia siku ile. Mzee, jibu nimeshalitoa mbele ya watu mia, usinitake nilirudie. Mama Pushpa, mpe miwani yake. Hapana mzee, hapo chini, chini ya jina langu.

Ahsante, mzee. Ahsante sana. Mpigieni makofi yeye, mimi msinipigie. Aliyesahihisha kosa lake kwa nusu dakika hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na aliyechukua miezi mitatu. Bi Jaspreet, karatasi hiyo ni yako. Jumatatu yatakuwa majina mawili, na ukiniuliza mimi, mchague anayejua grisi imefika wapi.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Chakula kuleni, na mniwie radhi sitakaa nanyi. Zamu ya Suad inakwisha saa kumi na mbili, na haya niliyowaambia nyinyi yeye bado hajayasikia kutoka kinywani mwangu.