Njia ya Mtoni Iliyofagiwa Kila Jioni

Baba paroko, viongozi wa kijiji, maofisa mliofika kutoka wilayani, na ninyi majirani wa Mabamba mlioacha mashamba yenu, nawasalimu asubuhi hii, mwakeye, familia imenituma mimi Rigobert, mtoto wa mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya baba yangu mkubwa, balozi Gervas Niyomwungere, na mkiona nasoma mbio msidhani nina haraka, ni woga, ugonjwa ambao ukoo huu tumeurithi kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 hapa Mabamba, wilaya ya Kibondo, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaona moshi wa majiko ya ng'ambo ya mto wa mpaka, kwa Warundi, na tangu utotoni wakubwa walimwambia kwamba siku moja watu wa upande ule watavuka na hatutabaki na nchi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akatoka na mwandiko safi wa herufi zilizosimama wima, mwandiko ambao nitautaja tena.

Novemba 1978, nchi ilipokuwa vitani, alipata mafunzo ya mgambo Kibondo mjini, hakupelekwa mbele bali alirudishwa kuulinda mpaka huu, na tangu mwaka ule kila jioni aliifagia njia itokayo mtoni, ili asubuhi asome nyayo, nani kavuka, wangapi, wana viatu au pekupeku, na sisi watoto tulichapwa tukiikanyaga kabla hajaikagua. Tarehe 2 Julai 1986 alichaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi, akafungua daftari la wageni, na hakuna aliyelala katika nyumba zake bila kuandikwa, hata mzee Nurudini muuza chumvi wa Kasulu, aliyekaa pale nyuma, anakumbuka alivyoulizwa jina la babu yake kabla hajatua mzigo.

Tarehe 10 Septemba 1983 alifunga ndoa na mama yetu mkubwa Félicité Uwimana, mzaliwa wa Kagerankanda, wilaya ya Kasulu, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa Prudence, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1994. Mama mzazi wa Félicité, Bibi Niyubahwe, naye alizaliwa Kagerankanda, lakini alipofiwa na mume aliolewa tena ng'ambo, kama wengi wetu tulivyokuwa tukioana kabla watu hawajaanza kuulizana mto ni wa nani, na tarehe 27 Oktoba 1993, vita vilipowaka kule, alikimbia akarudi kwa binti yake, miguu imevimba, na mkononi ana sufuria moja tu.

Siku ile marehemu aliogopa, na hili alilikiri mwenyewe, aliogopa kwamba watu watasema balozi anawaandika wageni wa wenzake na wa kwake anawaficha, basi akachukua daftari, na kwenye nafasi ya uraia wa mama mkwe wake akaandika, kwa herufi zile zilizosimama wima, Mrundi. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alimuuliza, "Mukwe wanje, umeniandika nani?" na marehemu akamjibu, "Nimekuandika mgeni, mama," naye bibi akacheka, akamwambia hajawahi kuona mgeni anayeijua hadi mizizi ya mihogo ya shamba hili. Alizikwa hapa mwaka 2003, na kaburi lake ndilo hilo mnaloliona kando ya hili lililo wazi.

Mwaka 2021 Prudence, aliyekuwa muuguzi, aliomba kitambulisho cha taifa, waliokuwa wakihakiki wakaomba daftari la balozi, wakasoma kwamba bibi ni Mrundi, wakauliza basi mama ni nani, na mtoto je. Marehemu alikwenda wilayani mara kumi na moja, alivaa koti lake la harusi, akaapa kwamba alikosea, akajibiwa kwa heshima zote kwamba kila mtu wilayani anajua balozi Niyomwungere haandiki uongo. Mchuma janga hula na wa kwao. Prudence alisimamishwa kazi, na Machi mwaka huu zilipoenea tetesi kwamba wasio na namba ya kitambulisho watapakiwa pamoja na wakimbizi wanaorejeshwa kwao kutoka kambi ya Nduta, aliona heri avuke kwa miguu yake kuliko kupandishwa lori mbele ya watu aliowachoma sindano wakiwa wachanga, akaondoka, na neno la daftari, lililokuwa uongo kwa miaka zaidi ya thelathini, likawa kama kweli.

Marehemu alianza kuugua shinikizo la damu wiki ile ile, akapata kiharusi tarehe 3 Mei, akalazwa Kibondo, na kwa upande wa mdomo uliobaki alituambia kwamba maisha yake yote alimwogopa adui atakayevuka mto, na adui yupo, tusijidanganye, ila nchi inaweza pia kufa bila mtu kuvuka, kwa sisi wenyewe kufutana mmoja mmoja kwa mwandiko mzuri. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa tatu asubuhi, na aliagiza haya yote yasomwe mbele yenu, ili wazee wa Kagerankanda waliomjua Bibi Niyubahwe wakiwa bado hai wabaki baada ya mazishi na kuweka dole gumba kwenye karatasi iliyo kwa mama, kushuhudia kwamba bibi alizaliwa kwao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, mabalozi wenzake, na maofisa mlioketi hapa, ambao tunawaogopa na pia tunawaomba.

Jana jioni mama aliifagia njia ya mtoni kwa niaba ya mumewe, na leo asubuhi tumekuta nyayo za mtu mmoja, pekupeku, zimepanda hadi dirisha la chumba ulimolazwa mwili wa marehemu, zimesimama pale muda mrefu, kisha zimerudi mtoni, na familia haikuziandika popote. Pumzika kwa amani, balozi, leo jioni njia haitafagiwa.